Mwizi Aliyejua Kuchagua Vipepeo

Sajini Ndanu alikuwa ameshapeleleza wizi wa mbuzi, wizi wa mchanga wa mtoni, wizi wa betri za lori, na mwaka mmoja hata wizi wa kengele ya kanisa. Vipepeo walikuwa jambo jipya. Alisimama ndani ya banda la neti nyuma ya nyumba ya Mama Munyiva, nje kidogo ya Kyumbi, shingo ameipinda kwa sababu paa lilikuwa chini, akawatazama vipepeo wa rangi ya chungwa waliobaki wakining'inia chini ya majani kama nguo zilizosahauliwa kwenye kamba. Ukungu wa Julai ulikuwa haujaamua kuondoka.

"Wameibiwa wangapi?" aliuliza Konstebo Nzioka kutoka mlangoni. Alikataa kuingia. Alisema ni kwa sababu ya viatu, lakini Ndanu alimwona akimkwepa kiwavi aliyekuwa akipanda nguzo.

"Nusu," alisema Mama Munyiva. "Na si nusu yoyote tu, Sajini. Ni nusu ile moja."

Mama Munyiva alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa kanisa, mwanamke mnene aliyeongoza kwaya na ambaye hata akiomba chumvi utadhani anaanzisha wimbo. Kikundi chake kilifuga vipepeo na kuwauzia jumba moja la maonyesho la Nairobi, mahali watoto wa shule hupelekwa kutazama wadudu. Safari hii jumba lilikuwa limeagiza jamii mbili za vipepeo wanaofanana kama mapacha, warushwe pamoja ili watoto wajaribu kuwatofautisha. Jana jioni jamii zote mbili zilikuwa ndani ya banda hili. Asubuhi gari likaja kuzichukua, na jamii moja haikuwepo. Dereva alikunywa chai, akageuza gari, akarudi Nairobi mikono mitupu.

"Rangi moja, ukubwa mmoja," aliendelea Mama Munyiva. "Mimi uniwekee hapa huyu na yule, siwezi kukwambia yupi ni yupi. Akina mama wote hawawezi. Halafu mwizi anaingia humu, anachagua polepole kama mtu anachambua maharagwe, anabeba hawa, anaacha hawa, anafunga mlango vizuri, anaenda. Sasa niambie, mwaitu, mama yangu, hapa kwetu ni nani anaweza kuchambua hivyo?"

Hakungoja jibu. Aliinua kidevu kuelekeza jikoni.

"Ni Kamene peke yake. Na nimesikia yule Rodgers Wachira wa kukodisha hema anampigia simu. Kikundi kinakutana saa nane. Tukishamtoa, nyinyi mumchukue mwende naye kituoni. Mimi nimemlilia Mungu asubuhi yote, lakini wizi ni wizi."

Ndanu alichuchumaa, akatazama kamba iliyofunga mlango. Ilikuwa nzima, haijakatwa. Neti haikuwa na tundu. Mwizi alikuwa ameingia kama mwenye nyumba na kutoka kama mwenye nyumba. Hilo nalo halikumsaidia Kamene.

Kamene alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya jikoni, mfuko wa kazi mapajani. Alikuwa mzaliwa wa Kivaa. Kikundi kilikuwa kimemlipia akaenda Pwani kujifunza kufuga vipepeo, na aliporudi akawa mtunzaji wao. Huku Kyumbi hakuwa na shangazi wala binamu wa kumsemea.

"Umekula?" Ndanu alimuuliza.

"Chakula hakipiti, Sajini."

"Basi nifundishe. Fanya mimi ni mtoto wa darasa la nne, nimeletwa na basi la shule, na sijui kitu."

Kamene alimtazama kwanza, aone kama anachekwa. Halafu akainuka, akaingia bandani, akamchukua kipepeo mmoja kwa ncha za vidole, mabawa yamekunjwa, bila hata kumtikisa.

"Huyu tunamwita mchungu," alisema. "Akiwa kiwavi anakula huu mmea wa maziwa meupe. Hayo maziwa ni sumu, na kiwavi anayaweka mwilini. Hata akishageuka kipepeo, uchungu bado uko. Ndege akimtia mdomoni anatema. Ndiyo maana wanaruka polepole hivi, kama mama wa bwana harusi akiingia kanisani. Nani atawagusa?"

Nzioka alicheka, akajikohoza.

"Na wale walioibiwa?"

"Hao ni waigaji. Viwavi wao wanakula yale magugu ya majani manene, yale watu wengine hupika mboga. Hawana uchungu wowote. Ni watamu kabisa. Lakini jike limevaa nguo ya mchungu. Chungwa ile ile, ncha nyeusi ile ile, na hiyo michirizi myeupe. Hata kuruka anaruka kwa maringo yale yale. Ndege aliyewahi kuonja mchungu akimwona mwigaji anasema huyu namjua, anampita."

"Jike tu ndilo linaiga?"

"Jike tu. Dume lake ni jeusi na madoa makubwa meupe. Ukiwaona pamoja huwezi kusema ni mke na mume. Hao madume niliwaacha kwenye banda dogo, na wako wote."

"Wewe unawatofautishaje?"

Kamene alimkunjua kipepeo taratibu. "Angalia bawa la nyuma, hapa katikati. Mchungu ana madoa meusi matatu. Akiwa dume anaongezewa la nne. Mwigaji ana doa moja tu, na liko huku juu ukingoni."

Ndanu alisogeza uso. Madoa matatu. Akamtazama aliyekuwa kwenye jani la karibu. Matatu. Mwingine, manne. Hakuna mwenye moja. Lakini kuna kitu kingine alikiona, na akakaa akikitazama mpaka Nzioka akasahau kumwogopa kiwavi na kuingiza kichwa.

"Hapa bawa limechanika," Ndanu alisema. "Na lile la upande wa pili limechanika mahali pale pale. Kama kidomo cha birika."

"Wengi wamechanika hivyo," alisema Kamene kwa uchungu. "Jana walikuwa wazima. Huyo mtu aliwashika vibaya."

"Mkasi!" alisema Nzioka. "Afande, alikunja mabawa, akakata. Ndiyo maana pande zote zinalingana."

Mkasi ulikuwa ndani ya mfuko wa Kamene. Alikuwa akikatia majani ya viwavi. Nzioka aliutoa, akauinua juu, na Mama Munyiva, aliyekuwa amesimama mbali kidogo akijifanya anaanua nguo, akasema "Bwana Yesu!" kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

Ndanu aliuchukua mkasi bila haraka. Akachuma jani, akalikata. Mkato ukawa safi kama mstari wa rula. Akamwomba Kamene amshike tena kipepeo kwenye mwanga. Ukingo wa mpasuko ule haukuwa safi. Ulikuwa umepondeka, na ule unga wa rangi ulikuwa umefutika pembeni, kama ukuta uliosuguliwa na bega.

"Mkasi unakata," alisema. "Hawa wamebanwa, wakavutwa. Rudisha mkasi, Nzioka." Halafu, kwa sauti ile ile, akamgeukia Kamene. "Rodgers Wachira alikupigia simu lini?"

Kamene aliinamisha kichwa. "Jumanne. Mama amekwambia?"

"Mama amenieleza mengi."

"Alitaka nikamfanyie kazi. Na yeye amejenga banda, anarusha vipepeo kwenye harusi. Nikamkatalia."

"Mbona hukumwambia mwenyekiti wako?"

"Angesema nataka kuwaacha. Sajini, hawa akina mama ndio walinipeleka shule. Nikifukuzwa kwa wizi, nani tena atanipa hata kuku nimchungie?"

Ndanu alitazama saa yake. "Usitoke hapa," alisema. "Na kunywa uji."

Rodgers Wachira alikuwa na kibanda njia panda ya Kyumbi, kati ya muuza matairi na mama wa matunda. Alikodisha hema, viti, vitambaa vya meza, na sasa vipepeo. Aliwaona askari wakishuka kwenye pikipiki akafungua mikono.

"Afande wangu! Karibu sana. Harusi ni yako ama ni ya Konstebo?"

"Ya Konstebo bado inatafutiwa bibi," alisema Ndanu. "Usiku wa kuamkia leo ulilala wapi?"

"Mwala. Nilikuwa napamba hema la mahari. Nimerudi saa tatu hii, hata chai sijamaliza. Muulize yule mzee wa mkokoteni wa punda, ndiye alinibebea viti. Punda alikataa mlima, tukashuka kusukuma. Angalia suruali."

Suruali ilikuwa na tope mpaka magotini. Ndanu aliitazama, akatazama na viatu, kisha akapiga simu Mwala mbele yake. Mwenye boma la mahari alithibitisha, akaongeza kwamba hema lilikuwa limepinda upande mmoja.

"Hilo la kupinda si lazima uandike," alisema Rodgers.

"Ulimpigia Kamene."

"Ndiyo, na akanikataa kama mtu aliyekataa posa. Nilimwambia nitampa ofisi. Akaniuliza ofisi iko wapi. Nikamwonyesha hapa." Alipiga meza ya plastiki. "Msichana alicheka, akakata simu. Kwani amefanya nini?"

"Nionyeshe vipepeo wako."

Banda la Rodgers lilikuwa la neti ya mbu iliyofungiwa kwenye fito. Ndani yake vipepeo wa rangi ya chungwa walikuwa wakizunguka maua ya kukodisha. Nzioka alivuta pumzi kwa nguvu. "Afande! Ni wao!"

"Subiri," alisema Ndanu.

Aliingia, akasimama kimya mpaka wakamzoea na kutua. Halafu akaanza kusoma mabawa, mmoja baada ya mwingine, kidole kimeinuliwa kama anasoma Zaburi. Matatu. Matatu. Manne. Matatu. Aliwamaliza wote, akaanza tena upande wa pili. Doa moja peke yake hakuliona popote, na hakuna bawa lililochanika.

"Umewatoa wapi?"

"Kando ya reli, kwenye yale maua ya mmea wa maziwa. Nashika tu na neti. Kwani wako aina ngapi?"

"Wako aina ya kutosha kukupeleka ndani ama kukuacha hapa," alisema Ndanu. "Leo wamekuacha."

Rodgers alifurahi sana, akaanza kusifu biashara yake. "Hii ni mali safi, Afande. Hakuna kitu inawakula. Huyu jogoo wa jirani anaingia hapa kila siku. Siku ya kwanza alidaka mmoja, akatema, akasugua mdomo mchangani kama mtu amelamba shubiri. Tangu siku hiyo anawapita tu, kama vile polisi anapita gari la mkubwa." Akakumbuka anaongea na nani. "Samahani, Afande."

Nzioka aliuma midomo. Ndanu hakuchukizwa. Alikuwa amegeuka kumtazama jogoo, mzee mwenye kilemba kilichoraruka, aliyekuwa akichakura chini ya kipepeo bila kuinua jicho.

"Alionja kwanza," alisema.

"Si lazima aonje? Angejuaje?"

"Ndiyo," alisema Ndanu, tayari anaelekea kwenye pikipiki. "Angejuaje."

Njiani Nzioka, aliyekuwa akiendesha, alijaribu kuongea kwa kupaza sauti kushinda upepo. Ndanu hakusikia. Alikuwa akifikiria maneno ya Mama Munyiva, kwamba mwizi alichagua polepole. Wote walikuwa wametafuta mtu mwenye macho ya kutofautisha mapacha. Lakini mwenye macho hana haja ya kumgusa asiyemtaka. Kwa nini basi walioachwa ndio waliochanika? Mwizi huyu aliwashika wote. Aliwashika, akaamua, na waliomkera akawaachilia.

Walipofika, hakwenda kwenye banda moja kwa moja. Alisimama uwanjani akatazama chini. Uwanja wa Mama Munyiva ulikuwa umefagiwa mpaka mistari ya ufagio ikaonekana imelala upande mmoja, kama nywele zilizochanwa. Mistari ilizunguka tangi, ikapita mbele ya choo, ikaingia chini ya mlango wa banda la vipepeo, na humo ndani nako ikaendelea. Asubuhi aliikanyaga hiyo mistari bila kuiona. Boma gani hapa Machakos halifagiwi alfajiri?

"Wakya, kana," Mama Munyiva alimsalimia Nzioka kama mwanawe, kwa kuwa asubuhi alikuwa amekasirika akasahau.

"Aa," alijibu Nzioka, akaketi karibu na birika.

"Mama," alisema Ndanu, "hebu nipitishe asubuhi yako, tangu uamke. Usiruke kitu."

"Nilisali."

"Vizuri. Halafu?"

"Nikafungulia kuku. Nikawasha moto. Nikafagia uwanja. Wageni wa Nairobi walikuwa wanakuja, sasa wangekuta majani ya grevilia yamejaa humo bandani? Nikafungua banda nifagie na huko."

"Ukafagia hapo hapo?"

"Nilienda kwanza kwa tangi, kuchota maji ya kunyunyiza, vumbi lisiinuke. Baridi ilikuwa kali, vipepeo walikuwa wamekufa ganzi, hawangetoka. Nikaacha mlango wazi kidogo."

"Na uliporudi?"

"Kuku walikuwa wameingia. Nikawafukuza, nikafagia, nikafunga kamba."

Pale kwenye kigoda Kamene aliinuka polepole.

"Mama," Ndanu aliuliza kwa upole, "asubuhi hukuniambia kuku waliingia."

"Nikwambie ya nini?" Mama Munyiva alishangaa kweli kweli. "Kuku hawali hawa vipepeo! Kamene mwenyewe alituonyesha siku ya kwanza, mbele ya kikundi chote, mchungaji akiwa ameketi pale. Aliwapa kuku wangu kila mmoja wake, na wote wakatema. Tulipiga makofi. Tangu siku hiyo kuku wangu hupita hapo na hata hawaangalii."

"Niliwapa mchungu, mwaitu," alisema Kamene. "Waigaji hatukuwa nao bado."

"Si wanafanana?"

"Wanafanana kwa nguo."

Ndanu alikuwa akitazama kuku waliokuwa wakichakura kando ya jikoni. Wakubwa watatu wa kijivu walikaa mbali na banda. Wengine, wekundu, wembamba, wenye haraka, walikuwa na vitambaa vya kijani vimefungwa mguuni.

"Hawa wa vitambaa ni wa nani?"

"Ni wangu. Dada yangu aliniletea kutoka Mwala juzi. Kuku mgeni si lazima afungwe kitambaa? Akipotea kwa jirani, nitasema ni wangu kwa ushahidi gani?"

Kamene alitia mkono mdomoni. "Hawajawahi kuonja," alisema.

"Endelea," Ndanu alimwambia.

"Wale wa zamani waliogopa rangi. Walishajifunza. Lakini hawa wa Mwala hawakujua kitu. Wangeona chungwa, waseme ni chakula. Wangewaonja wote, Sajini, mmoja mmoja, maana wakitema huyu mchungu, yule anayefuata ni mtamu, na hawa vipepeo baridi imewashika, hawawezi kukimbia. Mchungu ana ngozi ngumu, ukimbana na kumtema hafi. Anarudi kwenye jani na bawa limechanika. Na mwigaji..."

"Anamezwa," alisema Nzioka, akaweka kikombe chini.

"Hayo ni maneno," alisema Mama Munyiva, ingawa sauti haikuwa tena ya kwaya. "Kuku akila kipepeo, mabawa hataki. Mabawa yako wapi? Mimi sikuona bawa hata moja."

"Ulivaa miwani?"

"Miwani ni ya Biblia."

"Na majani ya grevilia yakikauka yana rangi gani?"

"Kama chungwa," alisema Mama Munyiva, akageuka kuutazama ufagio.

"Takataka unatupa wapi, Mama?"

Shimo lilikuwa nyuma ya migomba. Kwa bahati nzuri ukungu ulikuwa umelowesha majani, na moto uliowashwa asubuhi ulikuwa umeguguna ukingo mmoja tu ukazimika. Nzioka alitazama ndani, akaona viwavi ambao hawakuwepo, akamtazama mkubwa wake kwa macho ya kuomba.

"Ingia," alisema Ndanu.

Aliingia. Alipepeta majani kwa vidole viwili kama mtu anatafuta sindano kwenye unga, akilalamika kwa Kikamba, kisha akainama zaidi. Aliinua kiganja. Juu yake kulikuwa na bawa la rangi ya chungwa, limelowa, likiwa zima. Akapata la pili. Halafu akaanza kuyaokota kwa mafungu.

Ndanu alitandaza gazeti juu ya ukingo wa tangi, akayapanga yale ya nyuma peke yake. Mama Munyiva alikuwa ameingia ndani. Alirudi amevaa miwani ya Biblia, akainama juu ya gazeti, akaanza kuhesabu madoa kwa kidole.

"Moja," alisema. "Hili nalo ni moja. Moja. Moja." Akanyoosha mgongo. "Yote ni moja, Kamene?"

"Yote, mwaitu."

"Bado kitu kimoja," alisema Ndanu, maana alikuwa mtu wa kufunga mlango akishaingia. "Nzioka, nishikie kuku wa kitambaa."

Kukamata kuku yule kulichukua nguvu zaidi ya kukamata wezi wa betri. Nzioka aliruka kamba ya nguo, akapiga goti karibu na mbuzi, na mwishowe akarudi na kuku kwapani na nyasi kichwani. Kamene alileta kipepeo mmoja aliyechanika. Ndanu aliushika mdomo wa kuku, akausogeza taratibu kwenye ule mwanya wa bawa. Mdomo ukakaa humo kama ufunguo kwenye kufuli lake. Kuku alipoiona ile rangi ya chungwa mbele ya jicho lake, alirudisha kichwa nyuma, akapiga kelele, akamwagia Konstebo kitu cha moto kwenye mkono.

"Huyo amekiri," alisema Ndanu.

Kamene alicheka. Kilikuwa kicheko kidogo kilichotoka bila ruhusa, kisha machozi yakakifuata, na akageuka kuwarudisha vipepeo wake ndani ili watu wasimtazame.

Saa nane akina mama walifika wakiwa na viti vyao na nyuso zao za msiba. Wengine walikuwa wameshazungumza njiani juu ya nani atachukua funguo za banda. Walimkuta mwenyekiti wao amesimama uwanjani bila kitambaa cha kichwa, na hilo likawanyamazisha, kwani hakuna aliyewahi kumwona hivyo mchana.

"Ajenda ilikuwa moja," alisema Mama Munyiva. "Kumtoa mwizi. Mwizi amepatikana. Ni mimi nilimfungulia mlango, mimi nikafagia nyayo zake, halafu mimi nikasimama hapa nikaita polisi kwa ajili ya mtoto wa mwenzangu. Nilisema nimemlilia Mungu na wizi ni wizi, na miwani sikuwa nayo." Alimgeukia Kamene. "Mbele ya hawa nilikusema, na mbele ya hawa naomba unisamehe. Ukikataa, ni haki yako."

Kamene alikuwa ameshika fundo la mfuko wake kwa mikono miwili.

"Nimekusamehe, mwaitu," alisema. "Lakini kuku wa Mwala wafungiwe."

"Wawili hawana haja ya kufungiwa," alisema Mama Munyiva. "Wako kwenye sufuria."

Hapo ndipo uwanja ulipopasuka kwa vicheko. Mtu mmoja akaanzisha wimbo, na Mama Munyiva, kwa mazoea, akaidaka sauti ya pili. Kamene alieleza kwamba waigaji wengine walikuwa bado wamening'inia kwenye magamba yao katika banda dogo, na wiki ijayo wangetoka. Simu ikapigwa Nairobi, dereva akakubali kurudi, na akauliza kama chai itakuwepo.

Nzioka alikuwa ameosha mkono mara nyingi. "Afande," aliuliza, akinusa harufu ya kitunguu kutoka jikoni, "kwenye kitabu cha matukio niandike nini?"

"Andika kwamba upelelezi umekamilika na hakuna mtu wa kushtakiwa."

"Na washukiwa?"

"Andika watafikishwa mezani."

Chakula kilipoletwa, Ndanu aliona akina mama wakigusana viwiko. Katika boma lile kila mtu alijua firigisi ni ya nani. Enzi za marehemu mume wa Mama Munyiva ilikuwa yake, na tangu azikwe ilikuwa ya mchungaji, na siku mchungaji asipokuja ilitumwa kwake imefungwa kwenye jani la mgomba. Haikuwahi kuwekwa kwenye sahani ya mwanamke, sembuse msichana wa Kivaa asiye na ndugu. Mama Munyiva alipita katikati ya viti na sahani moja iliyofunikwa. Alimpita Sajini. Alimpita Nzioka, ambaye alikuwa amekwisha kukaa sawasawa na kujifuta mdomo. Akaiweka mapajani mwa Kamene, akafunua. Firigisi zilikuwa mbili, zinang'aa kwa mafuta.

"Kula, Kamene," alisema. "Nitaongea na mchungaji mwenyewe."

Kamene akaichukua ya kwanza, akaitafuna taratibu mbele ya mkutano wote, macho yameinuliwa. Kisha akaichukua ya pili. Nzioka alisogeza kiti chake karibu kidogo, akatabasamu tabasamu la mtu aliyeingia shimoni kwa ajili ya haki.

Hakumgawia.